Pesa Iliyofika na Pesa Iliyotambuliwa: Kisa cha Kuhamishia Malipo ya Maji kwenye Hifadhidata

Mama mmoja wa makamo alifika kwenye dirisha la ofisi ya maji saa mbili asubuhi, akaweka simu yake juu ya meza ikiwa imefunguliwa kwenye ujumbe wa M-Pesa, akamwambia karani: "Mwanangu, pesa nimetoa, ushahidi huu hapa, na maji mmenikatia." Karani alifungua faili la Excel na kutafuta mita 0417, asione malipo ya mwezi ule. Akatafuta kwa jina, asione, kwa kuwa laini ya mama yule imesajiliwa kwa jina la mwanawe. Akatafuta kwa nambari ya simu, akakuta safu nzima imejaa andiko la namna moja: 2.54712E+11. Akamwambia, "Samahani mama, huku hayaonekani."

Pesa zilikuwa zimefika. Zilikuwa kwenye akaunti ya jumuiya tangu siku nne nyuma, ila ziliandikwa chini ya 417 badala ya 0417, kwa kuwa Excel ikikuta andiko lenye tarakimu tupu hulichukua kuwa ni nambari ya kuhesabia na kuliondolea sifuri ya mbele. Nambari ya simu nayo, yenye tarakimu 12, ilikuwa imefupishwa kwenye kioo kwa mtindo wa kisayansi, kisha mtu akahifadhi faili kama CSV, yaani maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa mikato, na ufupisho uliokuwa wa kuonekana tu ukawa ndio ulioandikwa. Tarakimu sita za mwisho za simu ile zilipotelea hapo, na hakuna ufundi wa kuzirudisha kutoka kwenye faili lenyewe.

Ofisi hii ni ya jumuiya ya watumiaji maji katika mji mdogo wa pwani ya Kenya, ambayo sitaitaja jina. Ina kisima kirefu, matangi mawili ya juu, na wateja wengi kiasi kwamba karani hawezi tena kuwakumbuka wote kwa sura. Kila mteja ana mita, na hulipa ankara yake kwa Paybill: anaandika nambari ya biashara, kisha nambari ya akaunti, ambayo kwa ofisi hii ni nambari ya mita, kisha kiasi na nambari yake ya siri. M-Pesa ilianza Kenya mwezi wa Machi 2007, na kwa ofisi ndogo za maji, shule na vyama vya akiba, Paybill imekuwa ndiyo dirisha la keshia. Kinachosahaulika ni kwamba dirisha hili halina mtu wa kuuliza, "Umesema mita ngapi?" Lolote alilobonyeza mteja ndilo litakalofika.

Niliitwa kuyatoa malipo haya kwenye mafaili ya Excel na kuyaingiza kwenye PostgreSQL, ambayo ni hifadhidata ya kihusiano, yaani programu inayotunza data katika majedwali yanayorejeleana, kisha kuhakikisha kwamba malipo mapya yanaingia yenyewe. Nitaeleza kazi ilivyokwenda, pamoja na makosa mawili yaliyokuwa yangu mimi, kwa sababu ndiyo yaliyonionyesha kiini cha jambo hili: kupokea pesa na kutambua pesa ni za nani ni matukio mawili tofauti, na hifadhidata inayoyafunga pamoja hulazimika kupoteza moja ili kulihifadhi jingine.

Mikondo miwili

Data ya malipo ilitufikia kwa njia mbili. Ya kwanza ni taarifa ya papo kwa papo: kupitia Daraja, ambayo ni njia ya M-Pesa ya kuunganisha programu za watu wengine, ofisi husajili anwani yake ya mtandaoni, na kila malipo yakikamilika ujumbe mfupi hutumwa kwenye anwani hiyo. Ndani ya ujumbe huo mna aina ya muamala, nambari ya risiti, wakati, kiasi, nambari ya biashara, nambari ya akaunti kama alivyoiandika mlipaji, salio la akaunti ya ofisi, na jina la mlipaji. Nambari ya simu imo pia, lakini siku hizi huja ikiwa imefichwa, na hilo peke yake linatosha kumzuia mjenzi wa hifadhidata asiitumie simu kuwa utambulisho wa mteja. Hata isingefichwa, isingefaa. Mwana aliye Mombasa au Nairobi hulipia maji ya wazazi wake, mpangaji hulipia mita ya mwenye nyumba, na jirani hulipia jirani ambaye simu yake imekwisha chaji. Mlipaji na mteja ni watu wawili mpaka ithibitike vinginevyo.

Njia ya pili ni taarifa ya akaunti, yaani faili ambalo ofisi hulipakua yenyewe kwa kipindi inachotaka. Kila mstari una nambari ya risiti, wakati wa kukamilika, maelezo, hali ya muamala, kiasi kilichoingia, kiasi kilichotoka, salio baada ya muamala huo, na nambari ya akaunti. Miaka yote ya nyuma ilikuwa katika mafaili ya aina hii, ambayo karani mmoja baada ya mwingine aliyafungua kwa Excel, akayapaka rangi, akafuta mistari aliyoiona haina maana, na kuyahifadhi tena.

Mkondo wa kwanza ni wa haraka lakini unaweza kukatika, kwa maana umeme ukipotea ofisini na seva ikazimika, ujumbe uliotumwa wakati huo haukuti mtu nyumbani. Mkondo wa pili ni wa polepole lakini ni kamili, maadamu haukuguswa na mkono. Tuliamua tangu mwanzo kwamba wa kwanza ungemhudumia karani aliye dirishani, na wa pili ungekuwa ndio neno la mwisho katika hesabu.

Muundo wa kwanza

Nilianza kama wanavyoanza wengi. Nilitengeneza jedwali la wateja na jedwali la malipo, kisha nikaweka sharti kwamba kila mstari wa malipo ni lazima utaje mteja aliyemo kwenye jedwali la wateja. Hili huitwa ufunguo wa nje, nalo ni mojawapo ya fahari za hifadhidata za aina hii: mfumo wenyewe hukataa malipo ya mteja asiyekuwepo, hata kama programu iliyoandikwa juu yake ina kasoro. Kwenye karatasi ulikuwa muundo safi, wala hakuna aliyeupinga.

Ulianguka wiki ya kwanza. Watu waliandika 417, wakaandika O417 kwa herufi O badala ya sifuri, wakaandika neno "mita" kisha nambari, wakaandika jina la mume, jina la mtaa, hata neno "maji" peke yake. Kila ujumbe wa namna hii ulipofika, hifadhidata iliukataa kwa haki kabisa kulingana na sharti nililoliweka, na programu ya kupokea ikaandika kosa hilo kwenye faili la kumbukumbu ambalo hakuna aliyekuwa akilisoma. Pesa zilikuwa zimetoka mfukoni mwa mtu na kuingia kwenye akaunti ya jumuiya, lakini kwa hifadhidata hazikuwahi kuwepo. Lile lililompata mama wa mita 0417 kwa sababu ya Excel, mimi nilikuwa nimelirudia kwa chombo cha gharama kubwa zaidi.

Ipo njia ya kuzuia kosa hili mlangoni. Mpangilio wa Paybill huruhusu ofisi kuomba uhakiki, ambapo kabla muamala haujakamilika mfumo wa ofisi huulizwa kama unaikubali nambari ya akaunti iliyoandikwa, na ukijibu hapana, malipo husitishwa. Tuliijadili njia hii kwa muda mrefu. Mhasibu aliipenda. Mimi niliihofia kwa ajili ya umeme wa mji ule, kwa sababu ni lazima mtu aamue mapema kitakachotokea seva isipopatikana: ama malipo yakamilike bila uhakiki, ama yakataliwe yote. Ukichagua la pili, kukatika kwa umeme kwa saa tatu ni saa tatu ambazo hakuna mteja hata mmoja anayeweza kulipa. Ukichagua la kwanza, utapokea nambari zilizokosewa vilevile, na kwa hiyo utahitaji mahali pa kuziweka. Kwa vyovyote vile, mahali hapo palikuwa lazima pajengwe.

Majedwali matatu

Mwaka 1970 Edgar F. Codd, mtafiti wa IBM aliyezaliwa Uingereza, alichapisha makala iliyopendekeza data ihifadhiwe kama mahusiano, yaani majedwali ambamo kila mstari ni tamko moja la kweli kuhusu dunia. Nalirudia wazo hilo hapa kwa sababu ndilo lililofungua fundo letu. Nilipojiuliza mstari mmoja wa jedwali langu la malipo unatamka nini, jibu lilikuwa: "Mteja fulani amelipa kiasi fulani." Lakini ujumbe unaofika hautamki hivyo. Unatamka kwamba kiasi fulani kimeingia wakati fulani, na mlipaji aliandika maneno fulani mahali pa akaunti. Kwamba pesa hizo ni za mteja fulani ni tamko jingine, hutolewa baadaye, na aliyelitoa anaweza kuwa amekosea.

Kwa hiyo tuliyafanya majedwali kuwa matatu. La kwanza tuliliita ghafi: linapokea ujumbe mzima kama ulivyokuja, herufi kwa herufi, pamoja na wakati seva yetu ilipoupokea, na halina sharti lolote zaidi ya hayo. La pili ni mapokezi: humo mna nambari ya risiti, kiasi, wakati, maneno ya akaunti kama yalivyoandikwa bila kusahihishwa, na rejeo la mstari wa ghafi ulikotoka. La tatu ni ugawaji: linasema kwamba kutoka pokezi hili, kiasi hiki kimepewa mteja huyu, na aliyesema hivyo ni programu au ni karani fulani, siku fulani. Ufunguo wa nje unaomtaja mteja ulihama kutoka mapokezi ukaja hapa, na hapa ndipo palipokuwa pake.

Faida yake ilionekana siku ile ile. Pokezi lisilo na ugawaji si kosa tena; ni pesa inayosubiri mwenyewe. Karani hufungua orodha ya mapokezi yasiyogawiwa kila asubuhi, akaona "O417, shilingi 1,500, saa moja jioni", akalioanisha na mita 0417, na jina lake likabaki kwenye mstari huo kama aliyeamua. Akigundua amekosea, haufuti. Anaongeza mstari wa kutengua wenye kiasi kilekile kwa alama ya kutoa, kisha mstari mpya wa mteja sahihi. Wahasibu wamefanya hivi tangu kabla ya kompyuta. Kanuni ya kutokufuta bali kusawazisha ilikuwa ya zamani hata mwanahisabati wa Italia Luca Pacioli alipochapisha maelezo ya uwekaji hesabu wa pande mbili huko Venice mwaka 1494. Programu ikagawa peke yake pale tu ambapo maneno ya akaunti yalilingana moja kwa moja na nambari ya mita. Nilishawishiwa niifundishe pia kukisia, yaani kuongeza sifuri iliyokosekana na kugeuza O kuwa 0, nikakubali kwa nusu: programu hupendekeza, lakini anayethibitisha ni mtu. Katika mji ambapo mita 0417 na 4170 zote zipo, kukisia ni kumpa mtu pesa ya mwenziwe.

Muundo huu pia uliruhusu pokezi moja ligawiwe kwa wateja wawili, jambo ambalo mimi sikulifikiria mpaka karani aliponiambia kuhusu mwenye nyumba mmoja anayelipia mita tatu kwa mkupuo mmoja. Sharti lililohitajika hapa ni kwamba jumla ya migawo isizidi pokezi lenyewe. PostgreSQL haina njia ya kulitamka sharti kama hili kwa neno moja, kwani linahusu mistari mingi kwa pamoja, hivyo tuliliandika kama kichochezi, yaani amri inayojiendesha yenyewe, kinachokagua kila mgawo mpya baada ya kulifunga kwanza pokezi linalohusika, ili makarani wawili wasiligawe kwa wakati mmoja.

Kuhusu kiasi sina mengi ya kusema. Pesa haihifadhiwi kwa nambari za nukta inayoelea, ambazo ndani ya kompyuta hukifanya 0.1 ukijumlisha na 0.2 kuwa 0.30000000000000004. Ujumbe huleta kiasi kama maandishi yenye tarakimu mbili za senti, nasi tulikihifadhi kwa aina ya nambari za desimali zisizokadiriwa ambayo PostgreSQL inayo kwa kazi hiyo.

Saa sita usiku

Wakati ulitusumbua kuliko kiasi. Ujumbe wa malipo huja na tarakimu 14, kwa mfano 20240401004218, yaani mwaka 2024, mwezi wa nne, tarehe mosi, saa sita na dakika 42 usiku, sekunde 18, pasipo kusema ni saa za wapi. Ni saa za Afrika Mashariki, zilizo mbele ya UTC, yaani saa za marejeo za dunia, kwa saa tatu, na hazibadiliki kwa majira. Seva tuliyokodi ilikuwa imewekwa kwa UTC. Programu ilitafsiri wakati sawasawa na kuuhifadhi sawasawa, lakini ripoti ya mwezi ilikata siku kwa saa za seva, na kwa saa za seva, malipo yale yalifanyika tarehe 31 Machi, saa 21:42.

Kila malipo yaliyofanywa kati ya saa sita na saa tisa usiku yalirudishwa siku moja nyuma, na ya usiku wa kwanza wa mwezi yalirudishwa mwezi mzima. Katika miezi ya kawaida tofauti ilikuwa ndogo kiasi cha kupuuzwa, na mweka hazina aliipuuza. Ilipofika Ramadhani, watu wakawa macho baada ya tarawehe wakisubiri daku, wakiwa na simu mkononi na ankara ambayo hawakupata nafasi ya kuilipa mchana, na tofauti ikawa kubwa. Mweka hazina alinipigia simu akaniambia kwa upole mkubwa kwamba jumla yangu ya Machi imezidi ya taarifa ya akaunti na ya Aprili imepungua kwa kiasi kilekile. Kwa maneno hayo alikuwa amekwisha kulitambua tatizo, ingawa hakujua jina lake. Tulilirekebisha kwa kuiamuru kila ripoti ikate siku kwa saa za Nairobi, na kwa kuweka amri hiyo kwenye mwono mmoja, yaani swali lililohifadhiwa ndani ya hifadhidata, ambao ripoti zote husoma, ili pasiwepo mtu wa kuisahau.

Lilibaki la lugha, ambalo hifadhidata haiwezi kulitatua. Katika hesabu yetu ya asili siku huanza magharibi, na mzee akisema "nililipa usiku wa Ijumaa" huwa anakusudia usiku wa kuamkia Ijumaa, ambao kwa kalenda ya simu ni Alhamisi jioni, ukivuka saa sita ndipo uwe Ijumaa. Kijana akisema maneno hayohayo hukusudia Ijumaa jioni. Tulimwekea karani kitufe cha kutafuta kinachochukua siku iliyotajwa pamoja na siku moja kabla na moja baada, na tangu hapo mabishano ya dirishani yalipungua sana.

Mnyororo wa salio

Kuhamisha miaka ya nyuma kulichukua muda mrefu kuliko kujenga kila kitu kingine. Mafaili yaliyopitia Excel hatukuyaamini, na mahali palipowezekana tulipakua upya taarifa za akaunti kutoka kwenye chanzo, tukazipeleka moja kwa moja kwenye hifadhidata bila kuzifungua kwa programu nyingine. Jedwali la kwanza la kupokelea lilikuwa na safu za maandishi matupu: hata tarehe na kiasi viliingia kama maneno. Hatua hii huonekana ya uvivu lakini ni ya lazima, kwa sababu hifadhidata ikiombwa igeuze 3/4 kuwa tarehe wakati wa kuingiza, itachagua kati ya tarehe 3 Aprili na 4 Machi kwa kanuni yake yenyewe, na hakuna atakayejua kwamba ilichagua. Kugeuza kulifanyika baadaye, kwa amri iliyoandikwa, ambayo inaweza kusomwa na kurudiwa.

Kutoka hapo mistari ilipelekwa kwenye jedwali la mapokezi, ambako nambari ya risiti ilikuwa ndiyo ufunguo msingi, yaani haikuruhusiwa kujirudia. Kwa kuwa malipo mengine yalikwisha kuingia kwa ujumbe wa papo kwa papo, na mafaili ya vipindi viwili yalipishana siku kadhaa, niliiamuru hifadhidata iruke kimya mstari wowote ambao risiti yake imekwisha kuwepo. Hilo ndilo lilikuwa kosa langu la pili, na lilikuwa baya kuliko la kwanza kwa sababu halikuacha alama hata kwenye faili la kumbukumbu.

Lililotuokoa ni safu ya salio. Kila mstari wa taarifa hubeba salio lililobaki baada ya muamala wake, kwa hiyo ukiipanga mistari kwa mfuatano, salio la mstari uliotangulia, ukiongeza kilichoingia na kutoa kilichotoka, lazima lilingane na salio la mstari unaofuata. Amri moja ya SQL, lugha ya kuiuliza hifadhidata, inayouweka kila mstari sambamba na uliotangulia, hukagua miaka mizima kwa sekunde chache. Nilitarajia kukuta mapengo machache. Nilikuta mnyororo umekatika karibu kila mahali, kila mara kwa kiasi kidogo.

Tuchukue tarakimu za mfano. Salio ni 84,200. Mteja analipa 1,500, salio linakuwa 85,700. Mstari unaofuata kwenye hifadhidata yangu ulionyesha malipo ya 600 na salio la 86,280. Lakini 85,700 na 600 ni 86,300. Zimepungua shilingi 20. Tulirudi kwenye faili asilia na kukuta mstari wa katikati ambao hifadhidata haikuwa nao: ada ya muamala, shilingi 20, ikiwa na nambari ya risiti ileile ya malipo yaliyoizaa. Malipo na ada yake ni mistari miwili yenye risiti moja. Mimi nilikuwa nimeiambia hifadhidata kwamba risiti ni ya mstari mmoja tu, nikaiambia tena iruke kimya kila kinachopingana na imani yangu, nayo ikatii. Jumuiya ilikuwa inalipa ada hizo yenyewe kwa mpangilio iliouchagua, na kama mnyororo usingekaguliwa, vitabu vyake vingeonyesha pesa ambazo haikuwa nazo.

Tuliubadilisha ufunguo ukawa wa risiti pamoja na aina ya muamala. Kisha tukaifuta ile ruhusa ya kuruka kimya, na badala yake kila mstari unaogongana na uliokuwepo hulinganishwa nao safu kwa safu: ukilingana wote, unahesabiwa kuwa ni marudio na idadi yake inaandikwa, ukitofautiana hata kwa senti, uingizaji wote unasimama. Uingizaji wa kila faili ulifungwa ndani ya muamala mmoja wa hifadhidata, kwamba ama mistari yote inaingia ama hauingii hata mmoja. Tuliingiza upya tangu mwanzo. Mnyororo ulishika, isipokuwa mahali pachache ambapo miamala miwili ilikamilika katika sekunde moja na mfuatano wake ukageuka, jambo ambalo salio lenyewe lilitusaidia kulipanga. Pale ambapo chanzo hakikuweza tena kutupa taarifa za zamani, tulitumia mafaili ya Excel yaliyobaki, na mnyororo ukatuonyesha kwa usahihi ni wapi karani wa zamani alifuta mstari na wa kiasi gani. Mistari hiyo tuliiandika kama pengo lenye kiasi kinachojulikana na maelezo yasiyojulikana. Mhasibu alitaka tuyape mapengo hayo jina linalopendeza zaidi machoni pa wanachama. Nilikataa, na nafurahi kwamba kamati iliniunga mkono.

Kuhama

Mwezi wa Aprili 2018 benki ya TSB ya Uingereza ilihamisha data ya wateja wake zaidi ya milioni 5 kwenda kwenye mfumo mpya kwa wikendi moja, na wateja hadi milioni 1.9 wakashindwa kuingia kwenye akaunti zao. Mwaka 2022 ilitozwa faini ya pauni milioni 48.65. Sisi tulikuwa na mji mmoja mdogo, lakini niliwasimulia kamati kisa hicho nikiomba kitu kimoja: muda wa kuendesha njia mbili kwa pamoja. Karani aliendelea na Excel yake huku hifadhidata ikijaa pembeni, na kila jioni jumla ya siku ililinganishwa pande tatu: Excel, hifadhidata na taarifa ya akaunti. Tulihama mwishoni mwa mwezi ambao siku zake zote zililingana kati ya hifadhidata na taarifa.

Jambo la ruhusa tulilimaliza kabla ya siku hiyo. Jedwali ghafi lina majina ya watu na kiasi walicholipa, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, hivyo karani huona mapokezi na ugawaji peke yake, na akaunti ya programu inayopokea ujumbe ina ruhusa ya kuongeza mstari tu kwenye ghafi, bila kubadilisha wala kufuta. Nakala ya akiba hutoka kila usiku na kuhifadhiwa nje ya ofisi. Tuliijaribu kwa kuirejesha kwenye kompyuta nyingine tupu na kuukagua tena mnyororo wa salio juu yake.

Mama wa mita 0417 alirudi miezi michache baadaye, safari hii akiwa ameambiwa anadaiwa mwezi mmoja. Karani alimwamkia, akamwomba asome nambari ya risiti kutoka kwenye simu, akaiandika herufi kwa herufi. Pokezi likatokea: shilingi 1,500, saa saba kasoro dakika kumi usiku, akaunti imeandikwa "0471", haijagawiwa. Mita 0471 haikuwepo. "Mama, hizi ni zako?" aliuliza, akimgeuzia kioo. Mama aliinama, akasoma kiasi na saa, akasema, "Ndizo, mwanangu, nililipa wakati wa daku." Karani akaandika mgawo, jina lake likakaa kwenye mstari, na deni likasoma sifuri wakiwa wote wawili wanatazama.